Vibao vya Berlin Vimebandikwa na Wilaya, Si na Ujerumani

Tarehe 23 Agosti 2025, katikati ya Berlin, mtaa ulioitwa Mohrenstraße kwa karne tatu ulipewa rasmi jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana na ambaye katika karne ya 18 alifundisha kwenye vyuo vikuu vya Halle na Jena. Jina la zamani lilibeba neno la kale la kumwita mtu mweusi, neno ambalo wenyewe wanaoitwa hivyo wamekuwa wakilikataa kwa miaka mingi. Mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe 23 Agosti 2024, kaskazini mwa jiji hilohilo, barabara iliyoitwa Petersallee ilikatwa vipande viwili: kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee. Habari hizi zilipotufikia sisi tunaozungumza Kiswahili, zilipokelewa kwa namna mbili. Wapo waliosema Ujerumani sasa imetubu, na wapo waliosema Berlin inafuta historia yake ili isilipe deni. Makundi haya mawili yanapingana, lakini yamekosea mahali pamoja. Yote mawili yanadhani iko Berlin moja iliyoketi, ikafikiri, ikaamua.

Berlin ya namna hiyo haipo. Jiji hilo ni mkusanyiko wa miji na vijiji vilivyounganishwa kwa sheria, likagawanywa katika wilaya, na hadi leo wilaya ndizo zenye mamlaka ya kuipa mitaa majina. Kila wilaya ina tabia yake, na tabia hiyo haikutokana na mapenzi ya wakazi peke yao. Ilichongwa na mipaka, na aina ya nyumba zilizojengwa, na ukuta uliopita mahali fulani na kuacha mahali pengine. Anayesoma kibao cha mtaa bila kujua kimebandikwa na wilaya gani hatajua nani amekumbuka, nani amekataa kukumbuka, wala mlango upi wa kubisha hodi kesho.

Kabla ya tarehe 1 Oktoba 1920, Berlin ilikuwa jiji dogo kwa eneo, kilomita za mraba 66 tu, lililosongamana watu karibu milioni 1.9. Kuizunguka ilikuwapo miji iliyojitegemea, kila mmoja na meya wake, hazina yake na majivuno yake. Sheria iliyopitishwa na bunge la Prussia, dola kubwa ya Ujerumani ambamo Berlin ilikuwamo, tarehe 27 Aprili mwaka huo, kwa kura 164 dhidi ya 148, iliiunganisha Berlin na miji saba, jumuiya za vijiji 59 na mashamba makubwa 27, likazaliwa jiji la kilomita za mraba 878 lenye wilaya 20 na watu wanaokaribia milioni nne. Uchache wa kura zilizotofautisha pande mbili unaeleza mengi. Ndoa hiyo ilifungwa kwa shida, na kila aliyeingia aliingia na mzigo wake.

Charlottenburg, kwa mfano, haikuingia kama kitongoji. Ilikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya Prussia, imejijengea jengo la halmashauri lenye mnara wa karibu mita 88, mrefu kuliko mnara wa halmashauri ya Berlin yenyewe, na mwaka 1912 ilikuwa imefungua jumba lake la opera ili wakazi wake wapate muziki usio chini ya mkono wa Kaisari. Jumba hilo lilibomolewa na mabomu, likajengwa upya, na hadi leo Berlin ina opera kubwa upande huo na nyingine katikati ya jiji. Mgeni hufikiri sababu ni ule mgawanyiko wa mashariki na magharibi, kumbe chanzo chake ni ushindani wa miji miwili jirani kabla hata ya vita ya kwanza. Spandau, upande wa magharibi kabisa, inatajwa kwenye maandishi tangu 1197, miongo minne kabla ya makazi pacha yaliyokuja kuwa Berlin, na mpaka sasa wapo wazee wa Spandau ambao wakipanda treni kuelekea katikati ya jiji husema wanakwenda Berlin. Köpenick, upande wa kusini mashariki, ilikuwa na jengo lake la halmashauri ambalo fundi viatu mmoja, Wilhelm Voigt, aliliteka mwaka 1906 kwa kuvaa tu sare ya kapteni, akamkamata meya na kuondoka na fedha za hazina. Tukio hilo lingewezaje kutokea kama Köpenick isingekuwa na meya wake na hazina yake?

Miji ya magharibi iliingia na fedha. Upande wa kaskazini na mashariki uliingia na moshi. Mwaka 1862 mhandisi James Hobrecht alichora ramani ya kupanua Berlin, yenye barabara pana na viwanja vyenye kina kirefu, na wenye viwanja wakavijaza nyumba za kupangisha zilizofuatana moja nyuma ya nyingine, ua nyuma ya ua. Kanuni ya ujenzi ilidai kwamba ua uwe na angalau mita 5.34 kila upande. Namba hiyo ya ajabu ilikuwa na sababu yake: ndiyo nafasi iliyotosha mkokoteni wa pampu ya zimamoto kugeuka. Hakuna aliyepima nafasi ya jua kuingia. Katika Wedding, eneo la kaskazini mwa jiji, lilikuwapo jengo la Ackerstraße, maarufu kwa jina la Meyers Hof, lenye nyua sita zilizofuatana, na familia ya ua wa sita ililazimika kupita chini ya matao yote ya mbele kabla ya kuona barabara. Watoto waliolelewa humo ndio waliokuja kuifanya Wedding iitwe Wedding Nyekundu, ngome ya wafanyakazi na wakomunisti, ambako Mei 1929 polisi waliwapiga risasi waandamanaji. Tabia ya kisiasa ya wilaya ile ilianza kwenye kipimo cha ua, na ndiyo sababu sikubali maelezo yanayoanza na watu kabla ya kutazama kuta walimoishi.

Kisha mistari ya 1920, iliyochorwa na makarani kwa ajili ya kodi na shule, ikageuka kuwa mpaka wa dunia. Itifaki iliyotiwa saini London tarehe 12 Septemba 1944 iliigawanya Berlin kati ya washindi wa vita kwa kufuata mipaka ya wilaya. Hatimaye Wasovieti walipata wilaya nane, Wamarekani sita, Waingereza nne na Wafaransa mbili. Tarehe 13 Agosti 1961, ukuta wa kuitenga Berlin Mashariki na Berlin Magharibi ulipoanza kujengwa, ulifuata mistari hiyohiyo. Mahali pa kuona ukatili wa jambo hili ni Bernauer Straße. Nyumba za upande wa kusini wa mtaa huo zilikuwa katika wilaya ya Mitte, yaani upande wa Wasovieti, lakini njia ya waenda kwa miguu mbele ya milango yao ilikuwa ya wilaya ya Wedding, upande wa Wafaransa. Mtu alikuwa akiweka mguu nje ya mlango wake tayari yuko nchi nyingine. Milango ikazibwa kwa matofali, watu wakaanza kuruka madirishani, na mwezi huohuo wa Agosti mwanamke mmoja akafa kwa kuruka kutoka ghorofa ya juu. Mpaka wa wilaya uliowekwa ili kujua nani afagie barabara ulikuwa sasa unaua.

Upo mfano mwingine wa mpaka, wa upole zaidi. Pembezoni mwa Kreuzberg, ukuta ulipojengwa ulinyooshwa ili kukwepa kona, ukaacha nje pembetatu ndogo ya ardhi ambayo kwenye karatasi ilikuwa ya Mitte, mali ya mashariki, ingawa ilikuwa upande wa magharibi wa ukuta. Serikali ya magharibi haikuwa na haki nayo, na ya mashariki haikuweza kuifikia. Mwaka 1983 mzee mmoja wa Kituruki aliyestaafu, Osman Kalin, aliondoa takataka zilizotupwa pale, akapanda vitunguu na mboga, kisha akajijengea kibanda cha mbao kuuzunguka mti. Askari wa mpakani walikuja kumhoji, hatimaye wakamwacha. Ukuta ulipoanguka, kukawa na swali la bustani hiyo ni ya wilaya gani, na miaka kadhaa baadaye ikahamishiwa rasmi Kreuzberg. Kibanda kipo hadi leo.

Wilaya 20 zilikuwa zimefika 23, kwa kuwa upande wa mashariki ulizaa Marzahn mwaka 1979, Hohenschönhausen mwaka 1985 na Hellersdorf mwaka 1986, maeneo ya maghorofa ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani. Tarehe 1 Januari 2001 zikaunganishwa zikawa 12, kila moja ikikusudiwa kuwa na watu wapatao 300,000. Kati ya hizo 12, mbili tu zilivuka mstari wa ukuta wa zamani: Friedrichshain-Kreuzberg, na Mitte mpya iliyomeza Tiergarten na Wedding. Nyingine zote zilibaki upande wao. Naomba msomaji aishike Mitte hii mpya, kwa sababu ndiyo wilaya iliyobadilisha Mohrenstraße na Petersallee zote mbili.

Wilaya ya Berlin si mji unaojitegemea. Haitozi kodi yake. Fedha inapewa na serikali ya jiji, na kwa mambo yanayogusa jiji zima serikali hiyo inaweza kuingilia. Lakini kila wilaya ina meya wake na baraza la madiwani 55 wanaochaguliwa, na baraza hilo ndilo linaloamua kuhusu bustani, majengo ya shule, vibali vingi vya ujenzi na majina ya mitaa. Serikali ya jiji imeweka kanuni za jumla za namna ya kutoa na kubadilisha majina, na mahakama zinaweza kuulizwa kama taratibu zimefuatwa. Uamuzi wenyewe ni wa wilaya. Basi jina moja la kikoloni linaweza kufa kifo tofauti katika wilaya mbili, na hilo ndilo lililompata Hermann von Wissmann.

Wissmann ndiye kamanda aliyeletwa pwani yetu mwaka 1889 kuuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Berlin ilikuwa na mitaa miwili yenye jina lake. Mmoja ulikuwa Neukölln, wilaya ya wafanyakazi na wahamiaji, na kwenye mtaa huo kilikuwapo kwa miaka mingi kituo cha tamaduni za watu waliotoka pande zote za dunia, ambao kila barua yao ilibeba jina la mtu huyo kwenye anwani. Aprili 2021 mtaa huo ukaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wa Tanzania, mwanamke wa kwanza nchini humo kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri. Mtaa mwingine ulikuwa Grunewald, katika wilaya ya Charlottenburg-Wilmersdorf, mahali pa majumba makubwa yenye bustani, ambako kabla ya utawala wa Wanazi ziliishi familia nyingi za Kiyahudi za wasomi na wafanyabiashara. Huko jina la Wissmann nalo liliondolewa, lakini aliyewekwa si Mwafrika: mtaa ukapewa jina la familia ya Barasch, Wayahudi wa Grunewald walioteswa na Wanazi.

Sioni kosa katika maamuzi hayo mawili. Kila wilaya ilitazama uani kwake, ikauliza ni nani tuliyemkosea hapa tulipo. Neukölln iliona majirani wanaopita barabarani leo. Grunewald iliona majirani waliochukuliwa na treni wasirudi. Hata hivyo mtu akisema kwamba Berlin imemwondoa Wissmann na kumweka Mtanzania, amesema nusu ya kweli.

Sasa niipime hoja ya wanaopinga mtazamo huu, nikianza na iliyo dhaifu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayosikika sana. Inasema kwamba tabia ya wilaya ni tabia ya watu wake: Neukölln ina fujo kwa sababu ya Waarabu na Waturuki, Zehlendorf ina utulivu kwa sababu ya Wajerumani wenye elimu, na mambo mengine ni mapambo. Hoja hii haijui tarehe. Neukölln iliitwa Rixdorf hadi Januari 1912. Viongozi wake waliomba jina libadilishwe kwa sababu Rixdorf ilikuwa imesifika kwa kumbi za bia, dansi na ugomvi, kiasi kwamba watu wenye fedha hawakutaka kuhamia. Wakati huo ulikuwa mji wa zaidi ya watu 200,000, karibu wote Wajerumani na Wakristo, na sifa yake mbaya ilikuwa ileile inayobebeshwa wahamiaji leo. Na katikati ya Rixdorf hiyo hiyo kulikuwa na kijiji kilichoanzishwa mwaka 1737 na wakimbizi Waprotestanti kutoka Bohemia, waliokaribishwa na mfalme wa Prussia; nyumba zao chache za chini bado ziko, nyuma tu ya barabara zenye maduka ya baklava na shawarma. Wahamiaji hawakuivamia Neukölln. Eneo hilo limekuwa likipokea watu tangu likiwa kijiji.

Kreuzberg nayo ina karatasi zake. Baada ya mkataba wa 1961 kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki, wafanyakazi walipofika Berlin walipangishwa nyumba kuukuu zilizobanwa na ukuta pande kadhaa, nyumba ambazo wamiliki wake walikuwa wakisubiri zibomolewe na kwa hiyo hawakuzitengeneza. Mwaka 1975 serikali ya Berlin Magharibi ilipiga marufuku wageni kuhamia Kreuzberg, Tiergarten na Wedding, kwa madai kwamba wamekuwa wengi mno. Neukölln, jirani yao, haikuwamo kwenye katazo hilo. Mtu anayeishangaa ramani ya leo, asiyejua amri ya 1975, anamlaumu mpangaji kwa jambo lililoamuliwa ofisini.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami sina jibu jepesi kwayo. Inasema wilaya hizi 12 ni vitu vya kubuni, na kwamba maisha halisi yako kwenye mtaa, kile ambacho Waberlin wenyewe hukiita Kiez: duka la mkate, kituo cha treni, shule na baa ya kona. Mtu wa Prenzlauer Berg hasemi anatoka Pankow, ingawa kwa sheria ndiko anakotoka. Tena kodi ya pango imewahamisha watu kiasi kwamba tabia za zamani zimebaki kama jina la duka lililouzwa: sehemu kubwa ya walioishi Prenzlauer Berg mwaka 1990, wasanii na wafanyakazi waliokoka makaa ya mawe kwenye majiko ya vigae, hawapo tena pale, na walioingia ni watu wa kipato kingine kabisa. Naikubali sehemu hii. Lakini hata hapo wilaya haijafutika. Katika uchaguzi wa bunge la Ujerumani wa tarehe 23 Februari 2025, jimbo la Marzahn-Hellersdorf lilichukuliwa na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, Neukölln ikachukuliwa na Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, Mitte ikaenda kwa Chama cha Kijani na Steglitz-Zehlendorf kwa CDU, chama cha kihafidhina. Ni siku moja, jiji moja, na treni zilezile zinazowapeleka wote kazini. Watu wamehama sana, na bado mistari inaonekana.

Kutoka kwenye hoja hiyo linachomoza lalamiko la Wedding lenyewe, ambalo sisi wa mbali hatulisikii. Mtaa wa Kiafrika, kama eneo lile linavyoitwa, ulianza mwaka 1899 kwa mitaa ya Kamerun na Togo, wakati Ujerumani ikijisifu kwa makoloni yake, na baadaye ikaongezwa mingine, ikiwamo Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Nilipopita hapo mara ya kwanza nilitarajia kuona kitu, sijui nini, na nikakuta kabati za umeme, baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo, na maghorofa ya wapangaji yenye vibaraza vilivyopangwa maua. Baadhi ya nyumba za eneo hilo zilichorwa na wasanifu majengo mashuhuri Bruno Taut na Mies van der Rohe miaka ya 1920, kwa ajili ya wafanyakazi. Baraza la Mitte lilipoamua mwaka 2018 kuondoa majina ya wakoloni Peters, Lüderitz na Nachtigal, wakazi na wenye maduka walipeleka mapingamizi mengi, na kesi zikachelewesha vibao: viwili vya mwanzo vikabadilishwa Desemba 2022, na cha Peters hadi 2024. Wengi wa waliopinga hawakuwa wanamtetea mkoloni. Walisema kwamba zamani Wedding ilikuwa na baraza lake, na sasa inaamuliwa na baraza ambamo sauti za Mitte na Tiergarten zinaizidi.

Lalamiko hilo ni la haki kuhusu mamlaka, lakini halifuti ulazima wa uamuzi wenyewe, na ushahidi wake uko kwenye kile ambacho Wedding ilifanya ilipokuwa na baraza lake. Carl Peters, aliyepita Usagara na kwingineko mwaka 1884 akikusanya mikataba ya ulaghai, na ambaye watu wetu walimpa jina la Mkono wa Damu, alipewa barabara hiyo mwaka 1939 na Wanazi. Mwaka 1986, baada ya shinikizo, kibao kiliachwa palepale na herufi zake zilezile, ila ikatangazwa kwamba kuanzia sasa Peters anayeheshimiwa ni Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Mtu akipita barabarani haoni tofauti yoyote. Huo ndio ulikuwa ujasiri wa wakati ule: kubadilisha maana kwenye faili na kuacha jina ukutani. Maji-Maji-Allee ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mtoto wa shule akiuliza jina hilo ni la nini, mzazi wake atalazimika kutaja mwaka 1905, Wamatumbi, Wangoni, mashamba yaliyochomwa kwa makusudi ili watu wafe njaa, na vifo ambavyo makadirio yake yanafika hadi 300,000.

Hoja ya tatu ni ya watawala: wilaya zina mamlaka mengi mno, kila jambo linarushwa kutoka ofisi hadi ofisi, raia anachoka, kwa hiyo kazi zikusanywe juu. Mwaka 2025 bunge la Berlin lilipitisha sheria mpya ya kuorodhesha na kugawa upya kazi kati ya serikali ya jiji na wilaya, ili ijulikane nani anawajibika kwa nini. Kwa vibali, pasipoti na taa za barabarani, nawaunga mkono kabisa. Aliyesubiri wiki nyingi kupata miadi ya kusajili makazi hahitaji kuhubiriwa uzuri wa madaraka mikoani. Lakini majina ya mitaa yangekuwa mikononi mwa jiji zima, sidhani kama leo tungekuwa na kibao cha Lucy Lameck. Jiji zima lina wapiga kura wa Spandau na Reinickendorf ambao jambo hili haliwagusi, na chama chochote kinachotaka kura zao kingeliahirisha. Lilianzia kwa majirani waliolazimika kuishi nalo: Kreuzberg ilikuwa imeshampa mshairi Mjerumani mweusi May Ayim ukingo wa mto mwaka 2010, zamani sana kabla ya makao makuu kulizungumza suala hili kwa sauti.

Kwa msomaji wa Songea, Moshi au Kilwa, matokeo ya haya yote yako kwenye mgawanyo wa milango. Aliyesimama Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha alikuwa Rais Frank-Walter Steinmeier, kwa niaba ya dola. Maneno yake hayailazimishi wilaya yoyote ya Berlin kubandika kibao. Mafuvu zaidi ya 1,100 ya watu wa Afrika Mashariki, yaliyokusanywa enzi za ukoloni na kuhifadhiwa Berlin, yako chini ya Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ambayo ni ya dola na majimbo. Wilaya ya Mitte, hata ikitaka usiku huu, haiwezi kumrudishia mjukuu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani, kichwa cha babu yake. Fidia ni suala la serikali kuu na bunge la taifa. Tunapoichukulia Maji-Maji-Allee kama toba ya Ujerumani, tunaipa dola sifa ya kazi iliyofanywa na madiwani na wanaharakati wa mtaani, nayo inabaki na nafasi ya kusema kwamba jambo limeshamalizwa. Na tunapoibeza kwamba ni kiini macho cha serikali, tunawavunja moyo watu ambao hawakuwa na mamlaka ya kutoa zaidi ya kibao, wakakitoa.

Madiwani wote 55 wa kila wilaya watachaguliwa upya katika uchaguzi uliopangwa kufanyika tarehe 20 Septemba 2026. Kijana wa Kijerumani wa miaka 16 anaruhusiwa kupiga kura hiyo, na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya pia. Mtanzania au Mnamibia aliyeishi Wedding miaka 20, akalipa kodi na kusomesha watoto pale, kama hajachukua uraia wa Ujerumani hana kura katika baraza lililoamua majina ya Maji-Maji-Allee na Anna-Mungunda-Allee. Anachoruhusiwa ni kuandika swali la mkazi, lisomwe kikaoni, na kungoja jibu.